Mwano wa saa tisa usiku

Mama aliyeketi kando yangu kwenye basi, amepakata ndoo ya michembe, hakulipiga picha daraja kama abiria wengine. Alikuwa anahesabu. Midomo ilimchezacheza tangu magurudumu yalipoiacha nchi kavu ya Kigongo, na tulipokanyaga Busisi upande wa pili aliniegemea kidogo, akasema kama mtu aliyemaliza kujumlisha mahesabu ya genge lake: "Mia mbili na kumi. Hata mia tatu sikufika."

Sikumwelewa, akanifafanulia. Miaka kumi na miwili nyuma alikesha hapo Busisi na binti yake mwenye uchungu, aliyepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, wakingoja kivuko cha alfajiri kiwavushe kwenda Mwanza. Mtoto hakungoja. Alizaliwa kwenye foleni ya magari, kati ya lori la samaki na basi la Bukoba, wanawake wasiofahamiana wakiwa wamesimama duara na kuzungushia khanga zao. "Sasa yuko darasa la sita, mtundu hana mfano," alisema. "Lakini mimi kila nikipita hapa nahesabu."

Daraja hilo la J.P. Magufuli lina urefu wa kilomita tatu na lilifunguliwa Juni 2025. Habari nilizosoma wakati ule zilihusu zege, nguzo, mizigo ya nchi jirani, samaki na dhahabu ya Geita. Ya mama mwenye ndoo sikuisoma popote. Nami nisingeiwazia, maana nilikuwa nakwenda Sengerema kutafuta habari za magari madogo, tena yaliyochoka.

Ni huku, kwenye vijiji vya Sengerema na Buchosa vilivyotawanyika kati ya mawe na ziwa, ndiko ulikoanzia mpango wa m-mama katika miaka ya 2010. Mjamzito akipata dharura kijijini, mtu yeyote aliye naye anapiga 115, bila malipo. Anayepokea ana mafunzo ya uuguzi; anauliza maswali yake kwa mpangilio, anapima uzito wa jambo, kisha anatazama kama kuna gari la wagonjwa karibu. Kama halipo, na mara nyingi halipo, anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika eneo lile, mtu ambaye jana yake huenda alikuwa anasomba mihogo. Dereva akimfikisha mama hospitalini, wahudumu wanathibitisha, na nauli yake inaingia kwenye simu. Huduma hiyo ni ya mjamzito, ya aliyejifungua mpaka siku ya 42, na ya mtoto mchanga mpaka siku ya 28. Waliouanzisha pamoja na serikali ni Vodafone Foundation, Touch Foundation na Pathfinder. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kuwa wa taifa zima, na leo namba hiyo inapokelewa Bara na Visiwani. Lesotho nao wakauchukua, na Kenya.

Kilichonivuta hadi huku ni udogo wa wazo lenyewe. Hapakununuliwa msafara wa magari mapya. Mtu fulani alitazama kijiji akauliza: hapa nani ana gari linalotembea?

Swali hilo hilo, nikaambiwa, ndilo aliloulizwa dereva niliyeelekezwa kwake. Nilimkuta nje kidogo ya mji wa Sengerema, chini ya mwembe, anakula ugali wa udaga kwa dagaa huku mchomoko wake ukiwa umefunguliwa milango yote minne kupunga hewa. Kwa asiyejua, mchomoko ni jina la Kanda ya Ziwa la zile gari ndogo aina ya Probox na ndugu zake, zinazobeba watu kumi pale walipopangiwa watano. Wake ulikuwa mweupe zamani.

"Mganga wa zahanati alisimama kwenye mkutano wa kijiji," alinisimulia, "akauliza ni gari la nani linawaka asubuhi bila kusukumwa. Tukanyoosha mikono watatu. Mmoja watu wakamcheka, akaishusha."

Masharti aliyopewa aliyakariri kama kijana anayesoma viapo vya skauti. Simu haizimwi, hata msibani. Ukiitwa, abiria wengine unawashusha. Hupitii dukani. Humwombi mama wala ndugu zake hata shilingi ya maji. Nikamuuliza kama anafanya kwa moyo wa kusaidia. Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Dada yangu, moyo ninao. Ila moyo hauingii kwenye tangi. Nikilipwa, mafuta yapo usiku wa leo. Nisipolipwa, moyo utakuwepo na gari halitawaka."

Niliiandika sentensi hiyo nikaipigia mstari. Nimehudhuria warsha nyingi ambapo neno "kujitolea" linatamkwa na watu wenye posho ya siku, likiwahusu watu wasio na posho. Kwa miaka mingi afya ya vijijini katika nchi zetu imejengwa juu ya migongo ya wanawake wanaoitwa wa kujitolea, wakipewa fulana, kofia na cheti. Dereva huyu hakuwa na fulana. Alikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu, na tangi lenye robo.

*

Siku iliyofuata alinipeleka kijijini kwake, kwenye barabara inayoelekea Nyehunge. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu wanawake watakaotajwa hapa hawakuomba kutajwa. Ni nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kama yamepangwa na mtoto, mashamba ya mihogo na mpunga katikati, na kila ukipanda kilima unaliona ziwa liking'aa mahali usipolitegemea. Nyumba ziko mbalimbali, kwa desturi ya Wasukuma ya kila mji kuwa na nafasi yake na ng'ombe wake. Uzuri wa mandhari ndio ubaya wa dharura. Barabara ya gari inapita chini, na nyumba nyingi ziko juu, mwisho wa vijia ambavyo hata bodaboda inashuka kwa kusukumwa.

Zahanati ina vyumba vichache, mti wa mkungu na benchi refu. Muuguzi mkunga aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, mwenye tabia ya kuhesabu kwa vidole akiongea. Nilimwomba anieleze kwa nini gari moja linaleta tofauti. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza na kidole gumba.

"Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua, asipopata msaada, kwa wastani una saa mbili. Damu ya kabla ya kujifungua, saa kumi na mbili. Mfuko wa uzazi ukipasuka, siku moja. Kifafa cha mimba, siku mbili. Uchungu pingamizi, siku tatu." Vidole vikawa vimekwisha, akahamia mkono wa pili. "Maambukizi, kama siku sita."

Nilizijua hesabu hizo kutoka vitabuni. Ni za zamani, kutoka kwa watafiti wa miaka ya 1980. Lakini vitabuni hazina vidole. Alikishika tena kile cha gumba. "Hiki ndicho kinachonitisha. Hivi vingine vyote unaweza kutafuta mkokoteni. Hiki hapana."

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama mjamzito huuawa na machelewesho matatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kupata huduma akishafika. Leo kila mwanafunzi wa ukunga anayajua. Gari la mchomoko linatibu la pili tu. La tatu linamngoja hospitalini: damu ipo au haipo, daktari yupo au kalala, chumba cha upasuaji kina umeme au hakina. Muuguzi alinionyesha, kwa fahari kidogo, karatasi ya plastiki anayowekewa mama chini ya nyonga, yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu inayotoka ionekane ni kiasi gani. "Zamani tulikadiria kwa macho. Tunasema doti moja imelowa, doti mbili zimelowa. Macho yanadanganya, hasa usiku." Karatasi za namna hiyo zilijaribiwa pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo mmoja, katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Ni plastiki yenye mistari.

Hapa niseme neno kuhusu takwimu, kwa sababu tunazipenda zikiwa nzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Tofauti hiyo imesherehekewa sana, na ina haki ya kusherehekewa. Lakini tafiti hizi hupata namba hiyo kwa kuwauliza watu habari za dada zao wa tumbo moja, nani yu hai na nani alikufa na alikufaje, na kwa tukio ambalo ni adimu makosa madogo hupanua makadirio. Umoja wa Mataifa, kwa njia zake, ulikadiria 238 kwa mwaka 2020, zaidi ya mara mbili ya ile 104. Mimi si mtakwimu. Naona tu kwamba namba zote zinashuka, na kwamba katika tafiti zile zile wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Muuguzi nilipomtajia 556 na 104 alitikisa kichwa. "Mimi nina moja," alisema. "Ya mwaka juzi. Hiyo haishuki." Hakuongeza, nami sikuuliza.

*

Machelewesho ya kwanza, yale ya kuamua, hayana gari wala plastiki. Hayo nilionyeshwa na mwanamke mwingine.

Alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka uliokuwa ukiniacha nyuma kila kilima. Kwa mpango ulioanza Januari 2024 serikali imekusudia kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Yeye ni mmoja wa wawili hao hapa. Anajua kila tumbo. Sizidishi: tulipopita karibu na kisima alisalimiana na wasichana watatu, na tulipofika mbele akaniambia kwa sauti ya chini yupi ana miezi mingapi na yupi bado hajamwambia mama yake.

Katika kila nyumba alikaa kwenye kigoda, akaulizia mahindi, akaulizia mgonjwa wa nyumba ya jirani, ndipo akafungua daftari. Dalili za hatari alizitaja kama mtu anayesimulia tabia za mwizi anayejulikana: kichwa kinauma hakitulii, macho yanaona kiwi, uso na mikono inavimba, damu, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto amepunguza kucheza. Baada ya hapo yalikuja maswali ambayo sikuyatarajia.

"Uchungu ukianza usiku, nani anakushika mkono? Watoto wanabaki na nani? Nani ana damu ya kundi kama lako? Kutoka hapa mpaka barabarani, nani anabeba?"

Na la mwisho, ambalo alimgeukia mama mkwe kulitoa: "Mumewe akiwa ziwani na simu haipatikani, mama, ruhusa inatoka kwa nani?"

Vijana wengi wa huku wanavua. Wanakaa kambini wiki, wakati mwingine visiwani Kome au Maisome, na mtandao huko hupatikana kwa kupanda juu ya jiwe. Mke hawezi kuondoka nyumbani akaingia gharama bila mwenye mji kusema. Mama mkwe yule, bibi mwenye pengo la meno mawili ya chini yaliyotoka na kicheko kikubwa, alikaa kimya kwa muda nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Andika jina langu." Mhudumu akaandika. Tulipotoka alinieleza kwamba jibu hilo amelifuata nyumba ile kwa ziara nne.

Niliwaza juu ya mama yangu mzazi. Mwaka 1973 alikuwa msichana Morogoro, akikaa na wakubwa kila wiki kuizunguka redio kusikiliza kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu takriban milioni mbili walijiunga na vikundi vile nchi nzima. Walisikiliza, wakabishana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, mataifa 134 yalikutana Alma-Ata na kutangaza huduma ya afya ya msingi, inayoanzia kwa watu wenyewe mahali walipo. Mama hajawahi kusikia Alma-Ata. Choo alichochimba anakikumbuka, na nani alikwepa zamu. Tangu hapo mawimbi yamekuja na kuondoka: wahudumu wa vijiji walifundishwa, bajeti ikakauka, wakasahauliwa, wakafundishwa wengine kwa jina jipya. Mhudumu huyu anajua historia hiyo kuliko mimi. Mjomba wake alikuwa mmoja wa wale wa zamani. Sanduku lake la dawa la mbao bado wanalo nyumbani, wanawekea mbegu.

Jioni alinipeleka kwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana. Nilidhani tumepotea njia. Kila kijiji nilichowahi kukaa Tanzania kina chama cha namna hii, na hakuna taasisi ninayoijua yenye nidhamu kama hiyo. Mtu akifa, ndani ya saa moja maturubai yapo, sufuria zipo, wachimba kaburi wamepangwa, na anayekosekana bila sababu anatozwa faini. Katibu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha daftari: majina, zamu, faini. Akalifunua nyuma. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameupigia mistari upya kwa kalamu nyekundu, na juu umeandikwa KUBEBA WAZAZI. Chini yake majina ya wanaume, wanne wanne, kwa kitongoji.

"Huyu binti," alisema akimwelekeza mhudumu kwa kidevu, "alisimama kwenye kikao akatuuliza: mnajua kumbeba mtu akishakufa, kabla hajafa mnashindwa nini? Wazee walinuna. Mimi nilinuna. Nikaenda nyumbani sikulala."

Kisha akanikumbusha jambo ambalo nililisoma zamani na kulisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa ovyo, Usukumani na Unyamwezini walianzisha sungusungu. Mwano ukipigwa, ile sauti ya hatari, kila mwanaume alipaswa kutoka na kuupokeza kwa kijiji cha mbele, mpaka mwizi azingirwe. "Kwa ng'ombe tulitoka," alisema. "Sasa huyu anapiga 115, ni mwano huo huo. Tofauti yake hausikiki, ndiyo maana lazima wawepo wa kuupokeza huku chini."

Nilikumbuka Makwanpur, wilaya ya milimani huko Nepal, ambako kati ya 2001 na 2003 watafiti hawakupeleka daktari wala gari. Walipeleka mwanamke wa hapo hapo, asiye mtaalamu wa afya, akakutanisha wanawake kila mwezi wakajadili kwa nini watoto wao wachanga wanakufa na wao wenyewe wafanye nini. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 30 ukilinganisha na vijiji visivyo na vikundi. Miongoni mwa vitu walivyobuni kulikuwa na mfuko wa fedha wa akina mama, vifaa safi vya kujifungulia walivyotengeneza wenyewe, na machela. Nilimweleza katibu kwamba kuna watu milimani, mbali sana, nao walijiandalia machela. Akauliza kama nao wanatoza faini.

*

Nililala kwa dereva. Mkewe alinitandikia chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni kwa furaha ya kupindukia. Nilikuwa nimepanga, na kumwambia hivyo dereva, kwamba simu ikiita usiku nitaondoka naye. Makala ya safari bila safari itakuwa kitu gani?

Iliita saa tisa. Niliisikia kabla yake, nikawa nimevaa viatu kabla hajafika mlangoni. Ndani ya dakika chache nyumba nzima ilikuwa inafanya kazi kimyakimya, kila mtu na sehemu yake. Mtoto mkubwa alishika tochi. Mke alitandika nailoni kwenye kiti cha nyuma, juu yake shuka, akaweka dumu la maji na ndoo. Dereva alikagua tairi kwa kuzipiga teke. Nikafungua mlango wa mbele.

"Dada, hapana." Hakusema kwa ukali. "Nyuma ni mzazi na mama mkwe. Mbele ni muuguzi, ananingoja zahanati. Wewe utakaa wapi, kwenye buti na tairi?"

Taa nyekundu ziliteremka kilima zikapotea. Nilibaki uani na mkewe, ambaye alichochea moto akaweka chai, kwa kuwa kulala hakukuwezekana tena. Alisema hulala vizuri zaidi tangu alipopewa kazi ya kutandika. Mwanzoni alibaki kitandani akiwaza ajali. "Sisi wote madereva hapa," alisema.

Mimi nilijifungua Dar es Salaam. Safari yangu ya hospitali ilikuwa dakika kumi na mbili, kwenye teksi niliyoiita kwa simu, na ninachokumbuka ni kumgombeza kijana wa watu kwa sababu kiyoyozi kilikuwa baridi mno. Nilimsimulia hayo mke wa dereva. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaniuliza kwa dhati: ukiwa peke yako hivyo, wewe khanga nani alikushikia?

Sikuwa na jibu. Kulikucha.

Gari lilirudi saa tatu asubuhi, limejaa vumbi. Mzazi alikuwa ametoka damu nyingi baada ya kujifungulia nyumbani ghafla. Muuguzi alimchoma sindano na kumkandamiza tumbo njia nzima, amepiga magoti kati ya viti. Hospitalini walikuwa wameshaarifiwa, machela ilikuwa mlangoni. Yu hai. Mtoto wa kiume, yu hai. Dereva alisema hayo akiwa amesimama, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akavua shuka na nailoni, akaanza kuosha kiti kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu. Maji yaliyotiririka kwenye mchanga yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Simu yake iliita mlio mfupi mfukoni, akaitazama kwa mkono wenye povu, akairudisha. Mafuta ya usiku ujao.

Chini ya kiti alikuta kandambili moja. Ya mguu wa kushoto, ya mwanaume, kubwa.

"Ya wabebaji hii. Twende tuirudishe, utembee na wewe upate cha kuandika."

Tuliacha gari barabarani mahali alipompokea yule mama, tukapanda kwa miguu. Kwa mwendo wangu ilikuwa kama dakika arobaini. Kijia kinapita katikati ya mihogo, kinavuka kijito kwa magogo mawili, kisha kinajibana kati ya mawe mawili makubwa ambapo nililazimika kwenda upande upande. Nilijaribu kuwaza wanaume wanne na mzigo ule, gizani, mahali pale. Dereva alinionyesha alama za nyayo kwenye udongo wa kijito, zimezama sana. Mwenye kandambili hakurudi kuitafuta. Aliitupia garini pamoja na mito, au ilimchomoka wakati anamwingiza mama ndani. Hatukukubaliana juu ya hilo.

Ulikuwa mji ule ule wa bibi mwenye pengo. Yeye alikuwa hospitalini na mkwewe, kwa ruhusa yake mwenyewe. Nyumbani walibaki wasichana wawili wakipepeta mchele, na mhudumu wa jamii, ambaye alikuwa amefika kabla yetu na daftari lake, macho mekundu kwa kukesha. Ndiye aliyepiga 115. "Mwangaluka," tulisalimia, wakaitikia wote kwa pamoja.

Uani, kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani juani, kimesuguliwa, kinachuruzika maji. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele yake, anakaza kamba zilizolegea katikati usiku ule. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Dereva akamrushia ya kushoto, akaidaka kwa mkono mmoja, akaivaa bila kusimama. "Wabeja," alishukuru, akarudi kwenye kamba.